Binti kazaliwa Alhamisi, siku ya saba Jumatano: Asia, Jana au Mwanahamisi? Wajuvi wa Kiarabu njooni

Baba Mchanga (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nimepata binti Alhamisi alfajiri, mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Jumatano ndiyo akika, ile sadaka ya kuchinja kwa ajili ya mtoto, pesa ya mbuzi nimeshatanguliza. Kilichobaki ni jina, na jina ndilo linaniua.

Mama yangu anataka Asia, jina la marehemu bibi yake aliyemlea. Mke wangu anataka Jana. Kalitoa kwenye simu, eti ni Kiarabu, maana yake matunda ya peponi. Baba mkwe yeye hana makuu: mtoto wa Alhamisi ni Mwanahamisi, mjadala wa nini?

Sasa juzi jioni shangazi kafika kutoka Pangani. Tunakunywa chai, mama akataja Asia. Shangazi akaweka kikombe chini, akafuta midomo kwa ncha ya kanga, akasema: "Asia ni muasi. Mtume mwenyewe alilibadili jina hilo." Nyumba nzima kimya. Mama kanuna mpaka leo, kwa sababu huyo bibi yake aliishi miaka themanini na ushee na hakuwahi kumuasi hata jirani.

Ni kweli au shangazi anatulisha matango pori?

kiroboto
Asia ni bara. Mwite Afrika tuonyeshe uzalendo.

Ustadh wa Kona
Hongera mkuu. Shangazi yako hakusema uongo, ila kayachanganya majina mawili. Kwa ulimi wetu yanatoka sawa, kwa herufi za Kiarabu ni mbali kabisa. La kwanza linaanza na alifu yenye hamza, katikati lina sini: Aasiya. Huyo ni mke wa Firauni, aliyemlea Nabii Musa, na kwenye hadithi ya Bukhari katajwa pamoja na Maryamu kuwa ni wanawake waliokamilika. La pili linaanza na aini, katikati lina swadi: 'Aaswiya. Maana yake mwanamke anayeasi, shina lile lile la neno letu asi, uasi, maasi. Hilo la pili ndilo Mtume (s.a.w.) alilibadili akamwita mwenyewe Jamila. Iko kwa Muslim, mkusanyaji wa hadithi kama Bukhari.

Kwa hiyo mwambie mama atulie. Bibi yake alikuwa wa hamza, si wa aini.

Mzee Kipande
Ustadh, umejuaje kuwa bibi yake alikuwa wa hamza? Uliona hati? Kwenye cheti panaandikwa A-S-I-A, hamna hamza wala aini. Na aliyempa jina enzi hizo pengine alilisikia tu kwa jirani akalipenda.

Ustadh wa Kona
Mzee Kipande, hakuna mzazi mwenye akili anayemwita mwanawe Muasi.

Mzee Kipande
Kijijini kwetu kuna Shida, Tabu, Matatizo na Sikitu. Endelea.

mwana_nahau
Naongeza kidogo kwa alichosema Ustadh. Kwenye Qur'ani mke wa Firauni hatajwi kwa jina. Surat At-Tahrim aya ya 11 inasema tu "mke wa Firauni". Jina Aasiya limekuja kwenye hadithi. Na hata maana yake wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaolirudisha kwenye shina la kutibu na kuliwaza, kwa hiyo ni mwenye kuponya. Wapo wanaolipeleka kwenye "asaa", huzuni. Na wapo wanaosema mwanamke wa Misri ya kale tutamtafutiaje shina la Kiarabu, hilo ni jina la kigeni lililovalishwa kanzu.

kiroboto
Mganga, mwenye huzuni, na muasi. Huyo ni nesi wa zamu ya usiku.

Lulu wa Forodhani
Jamani mmekazana na Asia wakati hatari iko kwenye Jana! Mleta uzi, mie mwalimu wa darasa la pili. Hebu nione niitapo mahudhurio: "Jana yupo?" "Hayupo mwalimu." "Jana alikuja jana?" Mtoto wa watu atakoma.

Baba Mchanga
Dah. Hilo mke wangu sijui kama kaliwaza. Lakini maana yake ni kweli ya matunda?

mwana_nahau
Ni kweli. "Janaa" ni matunda yaliyoiva ya kuchumwa, limo Surat Ar-Rahman aya ya 54, matunda ya zile bustani mbili yaliyo karibu kuchumwa. Na Uarabuni siku hizi mabinti wa jina hilo ni wengi. Shida si Kiarabu, shida mtoto anazaliwa kwa Waswahili.

Ustadh wa Kona
Na tusizoee kila neno la Qur'ani kuligeuza jina. Hata Qaruni, Firauni na Abu Lahab wamo humo humo.

Hana M.
Nimeshindwa kupita kimya. Mimi naitwa Hana. Kwa Kiarabu ni furaha, raha ya moyo. Kwa Kiswahili ni ufukara. Miaka yote ya shule: "Hana hana kalamu", "Hana hana ada". Nimeolewa, nikidhani nimepona. Siku ya kwanza ukweni wifi kaniuliza, "Unaitwa nani?" "Hana." "Hana nini?" Mpaka leo wakwe wananiita Mama Nani, bila hata kusubiri nizae.

kiroboto
Ungeolewa na Sina mngekamilisha sentensi.

Hana M.
Hilo nimeshasikia mara elfu, kiroboto, na wa kwanza alilisema vizuri kuliko wewe.

Saumu wa Korogwe
Hana dada yangu, pole, lakini kaa pembeni. Mimi nilizaliwa kumi la mwisho la Ramadhani nikaitwa Saumu. Unajua nilivyoitwa shule? Kitunguu. Kaka yangu Ramadhani hakuguswa na mtu. Tulizaliwa mwezi mmoja, miaka tofauti.

mwana_nahau
Dada Saumu, ukitaka kuwajibu: hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwetu. Funga ni "swaum", kwa swadi. Kile kitunguu ni "thuum", kwa the. Yote mawili yalivyoshuka pwani yakawa saumu. Ni kisa kile kile cha Asia wa hamza na Asia wa aini.

Saumu wa Korogwe
Asante, ila nina miaka 46, waliokuwa wananiita kitunguu wengine wameshazikwa.

Mtu wa Maskati
Salaam kutoka Oman. Nacheka nikisoma. Nilikuja huku nikidhani sisi ndio tuliobuni majina ya siku. Nikakuta Waomani wanaitwa Khamis na Juma kama kawaida. Kwa hiyo Mwanahamisi hapo nusu yake ni Kiarabu safi, na ile "Mwana" ni yetu. Jumanne ndiyo wasiyoielewa. Nina rafiki yangu Jumanne, kila akifika kaunta anaulizwa: Juma ni jina lako, Nne ni jina la baba?

Jingine lililonishangaza: Amani. Huku ni la kike, na maana yake si amani tunayoijua, ni wingi wa tumaini, yaani matumaini, matamanio. Dereva wetu ni Amani, kijana wa Kigoma ana ndevu hadi kifuani. Wanamwandikia "Bibi Amani" kwenye kila barua.

Mzee Kipande
Sisi Amani alikuwa baba yake Mzee Abeid Karume, na mjukuu wa huyo Amani, Amani Abeid Karume, akaongoza Zanzibar 2000 mpaka 2010. Wakawaambie wenyewe kuwa ni majina ya kike.

mwana_nahau
Ni maneno mawili tena, mzee. "Amaan" ni usalama, ndiyo amani yetu. "Amaanii" ni matamanio. Kwetu yakawa moja. Na Malaika je? Kwa Kiarabu ni wingi, mmoja ni malaki. Ukimwita binti Malaika, Mwarabu anasikia umezaa kikosi.

Swafiya wa Kibokoni
Hamjambo nyote. Sisi Mombasa jambo hili hatulipatii taabu, mtoto hurithi jina la nyanya au la babu, kisha ana jina la nyumbani la kumuitia. Ndugu, mpe Asia kwenye cheti, nyumbani muiteni mtakavyo. Mimi kwenye cheti ni Safia, nyumbani Mwana Pate, na nikiitwa Safia barabarani sigeuki, nadhani yuaitwa mwingine.

Ila nina swali. Mbona nyinyi bara mwaandika Hadija, Halidi, Hamisi? Ni Khadija, Khalid, Khamis. Mwayaua majina.

Fundi Cherehani
Dada wa Kibokoni, na wewe mbona umejiandika Swafiya halafu cheti kinasema Safia? Kila mtu na ulimi wake. Mturuki kamfanya Muhammad kuwa Mehmet na Fatima kuwa Fatma. Mali na Senegali wanasema Mamadou na Fatoumata. Hakuna anayewaambia wameua. Sisi Athumani, Selemani, Isihaka, Yahaya, Bakari. Bakari ni Abubakari aliyepunguziwa mzigo. Kiswahili kinataka silabi iishe na irabu, basi.

Swafiya wa Kibokoni
Abu Bakr kupunguziwa Abu ndiyo mzigo? Haya.

kiroboto
Hata Haya ni jina la kike Uarabuni, kwa taarifa yenu. Bukoba wanacheka.

Baba Imani
Mimi Mkristo, niko hapa kwa umbea tu. Ila nimejikagua: naitwa Baraka, mke wangu Neema, mtoto Imani, dada yangu Rehema. Mnachobishania nyumba yangu nzima imo. Paroko hajawahi kuniuliza hamza wala aini.

Ustadh wa Kona
Karibu Baba Imani. Umenikumbusha kitu. Kwa Muslim kuna riwaya ya Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) alitaka kuyakataza majina kama Baraka, Aflah, Yasar na Nafi', kisha akanyamaza, hakukataza. Na riwaya ya Samura imetoa sababu: utauliza "yupo?", utajibiwa "hayupo". Sasa ukiambiwa "Baraka hayupo humu", nyumba inasikika vibaya.

Baba Imani
Mwenye nyumba akija kudai kodi, Baraka huwa hayupo kweli.

Mpole wa Tandika
Lakini ustadh, tuliambiwa madrasa kuwa majina bora ni yale yenye Abdi na yenye Hamdi, ndiyo maana Ahmad, Muhammad, Hamad, Abdalla. Ni hadithi hiyo.

Ustadh wa Kona
Kwa lafudhi hiyo haijathibiti, ingawa imeenea sana mimbarini. Iliyothibiti ni ya Muslim: majina yanayopendeza zaidi kwa Allah ni Abdullah na Abdurrahman. Na tafadhali wanaoitana "Abdul" tupu waache. Abdul ni "mtumwa wa". Wa nani? Sentensi haijaisha.

Abdul T.
Nimekaa zangu.

Mzee Kipande
Hapo kwenye mtumwa ngoja niseme. Bibi yangu mzaa mama aliitwa Mtumwa. Si Abdi, Mtumwa hasa, Kiswahili. Tulikuwa tunaona haya kulitaja mbele ya watu. Nilipokua nikamuuliza mama. Kasema kabla yake walikufa watoto watatu, wa nne wakampa jina baya ili mauti yampite, yaone hapa hamna mtoto wa maana. Na alifika miaka tisini. Siti binti Saad mwenyewe, malkia wa taarabu aliyefariki 1950, jina alilozaliwa nalo ni Mtumwa. Siti lilikuja baadaye, na hilo ndilo Kiarabu: bibi, mwanamke mwenye hadhi.

Lulu wa Forodhani
Mzee, mie huku Unguja nilisikia vyengine. Kwa Siti wanasema ni kwa sababu ya nasaba ya wazee wake, zama za utumwa, si habari ya watoto kufa.

Fundi Cherehani
Na mimi nilifundishwa kuwa mtumwa ni aliyetumwa tu. Shina moja na Mtume. Kwa hiyo si jina baya hata kidogo.

Mzee Kipande
Fundi, shina moja sawa, ila hakuna aliyekwenda sokoni Zanzibar kununuliwa akajiona mtume.

Na kuna majina mazuri yaliyobebwa na watumwa pia. Almasi, Feruzi, Marjani, Mabruki. Bwana anampa jina la kito au la heri, kama anavyoita jahazi. Kule Misri karne ya kumi Kafur alianza mtumwa akaishia mtawala, na Kafur ni kafuri, ile dawa ya kunukia inayowekwa kwenye sanda. Leo wajukuu wa watu wanaita watoto Almasi bila habari, na mimi naona ni sawa, jina limeshahama mwenyewe.

kiroboto
Na wengine wamelitafsiri wakawa Diamond, wanajaza viwanja.

Mpole wa Tandika
Turudi kwa mtoto. Watu husema jina linamfuata mtu. Mimi naamini. Zuhura wote ninaowajua ni wazuri, kwa sababu ni jina la Bi Fatuma Zahra.

mwana_nahau
Zahra na Zuhura ni mtu na jirani yake. Zuhura ni ile nyota, inayoonekana alfajiri na magharibi. Zahra ni mwenye kung'ara. Uzuri wa hao Zuhura wako sina la kusema.

Ustadh wa Kona
Jina kumfuata mtu kuna kisa kwa Bukhari. Babu yake Said bin Musayyab aliitwa Hazn, yaani ardhi ngumu yenye mawe. Mtume akamwambia, wewe ni Sahl, mwepesi. Akakataa, silibadili jina alilonipa baba yangu. Said anasema ugumu ule ukabaki katika familia yetu.

Mzee Kipande
Ugumu ulikuwepo kabla. Mwepesi angekubali kubadili.

Ustadh wa Kona
Hapo umenibana, sikufikiria hivyo.

Halima au Harima
Mnabishania aini, mimi nalilia L. Naitwa Halima, mpole, mvumilivu. Baba alienda kuandikisha, karani akauliza, baba akasema kwa lafudhi yake ya kwetu, karani akaandika kwa lafudhi yake ya kwao. Cheti kikatoka HARIMA, kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri kabisa. Shuleni nikajiandika Halima. Miaka thelathini baadaye nataka pasi niende Hija, vyeti viwili havijuani. Nikala kiapo kwa wakili kuwa Halima na Harima ni mtu mmoja. Nimelipa pesa kuthibitisha kuwa mimi ni mimi. Mleta uzi, liwe Asia, liwe Jana, LIANDIKE KWENYE KARATASI wewe mwenyewe kwa herufi kubwa, mpe karani. Usiliseme kwa mdomo.

Hana M.
Hii ndiyo pointi bora ya uzi mzima.

Mpole wa Tandika
Mtu wa kwetu Shabani yuko na vyeti vitatu: Shabani, Shaaban, Shabaan. Ngoja nimtumie.

Baba Mchanga
Wakuu, leo Jumanne usiku, nimewasomea mama na shangazi michango yote ya hamza na aini. Mama kafurahi sana. Kasema bibi yake alikuwa hamza tangu zamani, yeye alijua.

Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, muiteni Asia, lakini yeye akimbeba atamwita Jamila, maana ndivyo Mtume alivyofanya. Sasa mama kanuna upya. Mke wangu kasikia mwalimu wa Forodhani alivyosema kuhusu mahudhurio, kacheka, halafu kasema basi iwe Janna, kwa N mbili, yaani pepo. Nikamwambia huku kwetu N mbili hazisikiki. Akageukia ukutani. Baba mkwe kanipigia simu: "Mwanahamisi hajambo?" Yeye kwake mambo yalishaisha Alhamisi.

Lulu wa Forodhani
Huyo baba mkwe mpeni maua yake.

Swafiya wa Kibokoni
Sikwambia? Mpe yote. Asia kwenye cheti, Mwanahamisi kwa babu, Jamila kwa shangazi. Mtoto atajua amwitikie nani.

Ustadh wa Kona
Akika isikwame kwa sababu ya jina. Ukichinja kesho na jina likaja keshokutwa hakuna dhambi. Binti ni mbuzi mmoja, usiongezewe bei na mtu.

Mtu wa Maskati
Kwani mbuzi huko siku hizi kiasi gani?

Fundi Cherehani
Inategemea. Ukisema ni wa kitoweo, bei moja. Ukisema akika, muuzaji anamwangalia mbuzi upya kama hajawahi kumwona.

Baba Mchanga
Mimi kwa ujinga wangu nilisema akika. Kafika tangu saa kumi, nimemfunga kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba, analia kuliko mtoto. Ngoja nikamtazame kamba.